Mwenzetu Asikilizwe Kwanza

 

Leo nazungumza na akina mama zaidi, lakini akina baba msiondoke, maana nitakayosema yanaingia mpaka sebuleni kwenu. Nataka tutazame jinsi wanawake wanavyokaa pamoja kusikilizana na kuombeana. Sisemi kukaa kupanga sare za harusi, wala kuhesabu mchezo. Nasema kukaa ili mwenzetu mwenye mzigo atoe lililomo moyoni, na sisi wengine tumsikie mpaka amalize.

Vikao tunavyo tele. Mwanamke wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Kigoma au wa Bukavu akitaka kukaa na wenzake ana jumuiya, ana kwaya, ana darasa, ana kikoba au chama, ana kamati ya harusi, ana msiba. Wiki nyingine siku hazimtoshi. Lakini ukivitazama vikao hivyo kwa makini utaona kwamba vingi ni vya kumwambia mtu. Vya kumsikia ni vichache.

Chukua kichen pati. Bibi harusi mtarajiwa hukalishwa mbele, ameinamisha kichwa, mtandio umemfunika uso. Husimama shangazi, husimama somo, husimama mama wa kanisani au wa msikitini, husimama jirani mwenye ndoa ya miaka mingi. Anaambiwa ya jikoni, ya chumbani, ya wakwe, ya ulimi na ya fedha. Saa zinakwenda, usiku unaingia, zawadi zinatolewa, watu wanacheza. Nimehudhuria nyingi, mijini na vijijini, na sijaona hata moja iliyotenga dakika kumi za binti mwenyewe kuulizwa: mwanangu, wewe unaogopa nini? Binti ana hofu zake. Pengine anajua jambo kuhusu huyo bwana ambalo sisi hatulijui. Tunamfunda vizuri, tunampeleka kwake, na lile jambo anaondoka nalo kifuani.

Kufunda ni urithi wetu na ni urithi mzuri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha unaozidi kidogo beti 100, na mpaka leo kazi hiyo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili. Mama alikuwa anajua huenda asimwone bintiye akikua, akamwachia maneno. Siipunguzii heshima hata chembe. Tena baada ya mawaidha yale mama anageuka kumwomba Mungu, na mimi naona sehemu ile ya dua ndiyo inayogusa zaidi. Ila binti katika utenzi ule hasemi neno. Anaitwa, anaambiwa akae, anapokea. Basi na sisi tumeushika urithi wa kusema tukauendeleza kwa bidii, na ule wa kusikia tukauweka mahali pamoja tu.

Mahali hapo ni msibani.

Nenda kwenye matanga yoyote ya Pwani uone. Habari ya kifo ikitoka alfajiri, kabla jua halijapanda majirani wamekwisha kuingia. Viti vinatolewa sebuleni, mikeka na majamvi yanatandikwa, mfiwa anakaa chini na wanawake wenzake wamemzunguka. Anayeingia hutoa mkono, husema makiwa au pole, kisha huketi. Ametimiza. Hakuna anayemtaka aseme la maana. Mfiwa akilia, analia. Akisimulia jinsi mumewe alivyoomba maji usiku ule, na alivyokwenda kuyaleta, na alivyorudi akakuta roho imekwisha kutoka, anasimulia. Mgeni wa tano akiingia anaanza tena tangu mwanzo, na wale wanne waliokwisha kuisikia habari wanaisikiliza kama ndiyo kwanza. Waislamu watasoma Yasini, Wakristo watasali rozari au wataimba. Nyuma ya nyumba masufuria yako mekoni, na mwenye nyumba haulizwi hata chumvi iko wapi. Usiku wengine wanalala naye palepale chini.

Naomba tutambue ukubwa wa jambo hilo. Wanawake ambao wengi wao hawakusomea elimu ya nafsi wanajua kwamba mtu aliyeumia anahitaji kurudia habari yake mbele ya watu wasiomkatiza, na kwamba mwili wa mtu mwingine karibu nawe ni msaada hata usiposema. Wanajua kuchanganya kusikiliza na ibada bila kuvitenganisha. Hakuna aliyewaandikia mwongozo. Wamejifunza kwa mama zao, wakiwa watoto wa kutumwa kuleta maji ya kunawa.

Kisha siku ya tatu matanga yanavunjwa. Watu wanakunja mikeka, wanarudi makwao, na ni haki yao kwa sababu nao wana watoto na vibarua. Mjane wa Kiislamu anabaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi. Mjane wa Kikristo anabaki na nyumba tupu na pengine shemeji wanaoulizia hati ya shamba. Mwezi wa pili, ambao ndio mgumu, ambapo mtu anaanza kuelewa kwamba marehemu harudi kweli, anayegonga mlango ni mwenye kudai kodi. Ule ustadi wote wa siku tatu umekwenda wapi? Unasubiri msiba mwingine. Na aliyeharibikiwa na mimba, aliyeachwa, ambaye mwanawe yumo katika dawa za kulevya, ambaye mumewe yu hai lakini hawajasemezana tangu mfungo wa mwaka jana, huyo hatandikiwi mkeka kabisa. Kwake hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kikao.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Zamani, na mahali pengine hata sasa, mwanamke wa Pwani mwenye dhiki isiyosemeka alikuwa na njia nyingine, nayo ni ngoma ya pepo. Wanachuoni wameikataza, wachungaji wameikataza, na mimi sikuja hapa kuitetea. Lakini tazameni kilichokuwa kikitendeka. Mwanamke anawekwa kati, wanawake wenzake wanamzunguka, ngoma inapigwa mpaka pepo apande. Akishapanda huulizwa: umekuja na nini, unataka nini? Na pepo hujibu. Anataka nguo mpya, anataka manukato, anataka mwenye nyumba apunguze ukali. Mume anasikiliza kwa adabu maneno ambayo, yangetoka kinywani mwa mkewe siku ya kawaida, angeyajibu kwa kofi. Jamii ilikuwa imempa pepo haki ya kusikilizwa ambayo ilimnyima mwanamke. Tulipozikataza ngoma zile tulikuwa na sababu zetu za dini. Lakini lile swali la unataka nini, tulimwachia nani aliulize?

Wala dini zetu hazikosi mfano. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba wanawake walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwambia kuwa wanaume wamewazidi katika kupata nafasi kwake, wakamwomba awatengee siku yao. Akawatengea. Wao wenyewe walidai wakati, na wakapewa. Na katika Injili ya Luka, Mariamu akiwa na habari nzito ambayo mji mzima ungeweza kumhukumu kwayo, alifunga safari ya haraka hadi nchi ya milimani, akaingia kwa jamaa yake Elisabeti. Luka anasema alikaa huko yapata miezi mitatu. Mmoja alikuwa binti, mwingine amezeeka, wote wajawazito katika hali zisizotarajiwa. Elisabeti hakumhoji. Alimpokea na kumbariki, na ndipo Mariamu akapata sauti ya kumsifu Mungu.

Sasa vikao vyetu vya dini vya leo vikoje? Nianze na ninavyovifahamu zaidi. Wanawake Wakatoliki Tanzania, yaani WAWATA, walianza kama umoja mwaka 1972. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu walikutana Nairobi wakazipa uzito jumuiya ndogondogo za Kikristo, zile za majirani wachache kusali nyumbani kwa zamu. Ukienda jumuiya nyingi, waliojaa kwenye mikeka ni akina mama. Na kuna njia ya kushirikishana Neno la Mungu kwa hatua saba, iliyotengenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na kuenea hadi kwetu. Hatua ya nne katika njia hiyo ni kimya. Watu wananyamaza kwa dakika kadhaa. Hatua ya tano kila mwenye kutaka anasema lililomgusa, na kuna sharti: alilosema mwenzako halijadiliwi, halisahihishwi, halihubiriwi. Linapokelewa, basi.

Hebu fikirini sharti hilo lina thamani gani. Limekuwako kwenye vijitabu vyetu kwa miongo kadhaa. Lakini jumuiya ngapi zinalishika? Mara nyingi kimya kinarukwa kwa sababu muda umekwenda, mama mmoja akianza kusema machozi yakamtoka anakatizwa kwa wimbo, kisha inaingia ajenda ya michango: harambee ya paa, zawadi ya paroko, mchango wa rambirambi. Kimya kinaogopesha, nakubali. Wimbo ni rahisi zaidi. Lakini wimbo ulioanzishwa ili mtu asilie ni njia ya kumwambia anyamaze.

Upande wa darasa za akina mama wa Kiislamu, zile za baada ya alasiri, kuna jambo ambalo kila ustadhati analijua. Wakati wa maswali ukifika, mwanamke ataandika kikaratasi au atasema: kuna jirani yangu, mumewe anamfanya hivi na hivi, je, sheria inasemaje? Mara nyingi jirani huyo ni yeye mwenyewe. Anajibiwa hukumu, na hukumu ni lazima ijulikane. Lakini alikuwa ameleta vitu viwili, swali na maumivu, na kilichojibiwa ni swali.

Tuondoke kidogo nyumbani. Kuna kazi imefanyika Zimbabwe ambayo naona kila mkuu wa kikundi cha wanawake angefaa kuijua. Mwaka 2005 serikali ya huko iliendesha bomoabomoa kubwa mijini, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, mmoja wa wachache mno nchini humo, alitakiwa kusaidia watu wa Mbare, mtaa wa watu wengi mjini Harare. Alikuwa amempoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumleta hospitalini. Daktari aliomba chumba na wauguzi, hakupewa. Alichopewa ni akina bibi 14 wa mtaani, watu wazima waliokuwa tayari wakihudumu kwa afya ya jamii, na nafasi ya nje, kwenye uwanja wa zahanati, ya kuweka benchi.

Mwanzoni alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayelikalia. Likaitwa Benchi la Urafiki. Bibi wakafundishwa njia iliyo wazi: mgeni asimulie yote kwanza, kisha yeye mwenyewe achague tatizo moja la kuanza nalo, kisha watafute pamoja hatua anayoiweza, na akirudi aulizwe imekwendaje. Uamuzi ni wa mgeni, bibi anamsindikiza tu. Akimaliza vikao vyake vya faragha, mgeni hukaribishwa kwenye mduara wa waliopitia benchi kabla yake. Hapo wanakaa, wanasuka mikoba kwa plastiki iliyotumika, na huku mikono inafanya kazi wanazungumza. Wengi wao ni wanawake, na mikoba huuzwa ikawaletea chochote.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida tu, karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi, ni asilimia 14 hivi. Huduma hiyo sasa imevuka mipaka, na Zanzibar ni miongoni mwa sehemu ilikofika. Nawataja bibi wale kwa sababu hawatofautiani na mama zetu. Wana magoti yanayouma, wana wajukuu wa kulea, wamezika. Kilichoongezwa juu ya hekima yao ni nidhamu ya kusubiri. Walifundishwa kunyamaza kwanza.

Na Rwanda je? Mwaka 2005, katika Dayosisi ya Anglikana ya Byumba, kaskazini mwa nchi, yalianzishwa makundi yanayojulikana kama Mvura Nkuvure, yaani niponye nami nikuponye. Watu kati ya 10 na 15 hukutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15. Hawaanzi na mauaji ya 1994. Wanaanza na usalama: wanakubaliana wenyewe masharti ya kukaa. Kisha kuaminiana, kisha kujaliana, kisha heshima, kisha mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu chungu zinakuja mwisho, zikiwa tayari na mahali pa kukaa. Katika makundi hayo mjane aliyenusurika anaweza kuketi karibu na mwanamke ambaye mumewe alifungwa kwa kuua. Si makundi ya wanawake peke yao, lakini somo lake linatuhusu moja kwa moja. Sisi tunapenda kuanza na jambo kubwa. Mama anaingia kikundini leo, leo hiyohiyo anaambiwa atoe ushuhuda. Wenzetu wa Byumba waliona kwamba mtu hasemi la ndani mpaka ajue anakaa na nani.

Hapo ndipo penye jeraha letu, na nitakaa hapo kidogo. Waulizeni wanawake kwa nini hawasemi shida zao katika kikundi. Jibu litakuwa moja kutoka Tanga hadi Lubumbashi: yatatoka. Asemayo asubuhi kwenye jumuiya, jioni yameshamfikia wifi. Alilomnong'oneza mama mmoja msibani, linarudi kwenye kamati ya harusi likiwa limeota pembe. Si hofu ya kubuni. Kuna ndoa zimevunjika kwa maneno yaliyotoka kwenye sala. Kuna mwanamke aliyesema katika maombi kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, akakuta wateja wa mgahawa wake wamepungua wiki ile ile.

Sasa tazameni vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Utaratibu ule, uliozaliwa Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa huko, umesambaa Afrika nzima, na kwetu umeota mizizi. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake huchukuliwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote. Anayechelewa hutozwa faini. Anayepiga simu kikaoni hutozwa faini. Shilingi tumeifungia kufuli tatu. Siri ya mwenzetu tumeifungia nini? Sijakutana na katiba nyingi za vikundi zinazosema kuwa atakayetoa nje neno la mwenzake atasimamishwa. Yafaa iandikwe, isomwe kila mara, na itekelezwe hata kama aliyevunja ni mwenyekiti.

Nikiulizwa ni mambo gani yanafanya kikao cha namna hii kisimame, siri ndiyo ya kwanza na mengine yote yanaifuata. Watu wasiwe wengi, maana wakizidi kumi na wawili wanaanza kuhutubiana. Azungumze mmoja, na asiyetaka kusema asilazimishwe, kwani kuna anayepona kwa kusikia tu. Asiulizwe maswali ya udadisi. Kuna swali la kumsaidia mtu aseme, na kuna swali la kushibisha masikio ya muulizaji, na kila mwanamke mzima anajua tofauti. Ushauri usitolewe mpaka mwenyewe auombe. Hili ni gumu kwetu kuliko yote, kwa sababu tumelelewa tukiamini kuwa kumpenda mtu ni kumpa la kufanya. Mama akisema mwanangu wa kidato cha tatu amepata mimba, tayari watu watatu wamekwisha kufungua vinywa. Mngoje. Huenda habari yenyewe hajaifikia. Huenda anachotaka kusema ni kwamba alimpiga binti yule, na sasa hawezi kulala.

Kisha mwombeni. Kwa watu wetu kikao kisichomgusa Mungu kimeachwa nusu, na sina haja ya kuiga wanaoona haya kusema hivyo. Lakini dua ifuate kilichosemwa. Aliyesema ana hasira na Mungu, asiombewe kana kwamba alisema anamshukuru. Mtaje kwa jina lake, taja shida yake kama alivyoitaja mwenyewe, nyamazeni kidogo, mmalize. Maombi yanayogeuka kuwa mahubiri ya kumsuta mtu ambaye amefumba macho ni dhuluma.

Na uongozi uzunguke. Kikundi kinachotegemea mama mmoja mwenye karama huwa cha mama huyo. Mothers' Union ya Kianglikana, ambayo leo ina wanachama katika dayosisi nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, na mwanzilishi wake Mary Sumner, mke wa kasisi, siku ya mkutano wa kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kusema. Aliwaomba akina mama warudi wiki iliyofuata. Walirudi. Basi anayesema kwamba yeye hana ulimi wa kuongoza wenzake asijitoe.

Liko onyo, nalo nitalisema bila kuzunguka. Kuna vikundi vya wanawake ambavyo vimewarudisha wanawake kwenye vipigo. Mwenzetu anakuja uso umevimba, anaambiwa vumilia, hata mimi nilipitia, mwombee atabadilika, usiwape watu cha kusema. Anaombewa, analia, anafarijika, anarudi, na safari inayofuata analetwa akiwa hajitambui. Faraja ya namna hiyo ina hatia ndani yake. Kumsikiliza mwanamke anayepigwa ni pamoja na kumwamini, na kumwuliza kama usiku huu ana mahali salama pa kulala, na kumsindikiza. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini. Kenya kuna simu ya bure, 1195. Na mama aliyejifungua juzi ambaye hamtaki mtoto wala chakula, au mtu yeyote anayesema heri nife, huyo ana haki ya hospitali siku hiyohiyo. Mpelekeni, kisha endeleeni kumwombea mkiwa kwenye benchi la kusubiri daktari.

Akina baba, sikuwasahau. Wako wanaosema vikao vya wanawake ni vya kuwasema wao. Ni kweli kwamba mtasemwa, maana mmo katika maisha yetu. Lakini mwanamke aliyepata mahali pa kutua mzigo wake harudi nyumbani na sumu, anarudi amepungukiwa na sumu. Mume anayemzuia mkewe kukaa na wenzake angejiuliza kwanza, yeye mwenyewe mara ya mwisho alimsikiliza lini mpaka mwisho. Na nyie pia mnahitaji mahali pa kusema. Hilo ni zungumzo la siku nyingine, na ningependa liongozwe na mwanamume.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo linalotekelezeka. Wenyeviti wa vikoba na vyama, viongozi wa WAWATA, wa Mothers' Union, wa darasa za akina mama, wa kwaya, wa vikundi vya kufa na kuzikana: msianzishe kikundi kipya. Katika hicho mlicho nacho, kabla sanduku halijafunguliwa, kabla mada haijaanza, tengeni nusu saa. Someni sharti la siri kwa sauti. Kisha mwulizeni mmoja wenu anaendeleaje, na mngoje jibu. Mkimaliza mwombeeni, ndipo mhesabu hisa zenu. Nusu saa ikiwashinda, anzeni na robo.

Na kila mmoja wetu anamjua mtaani kwake mwanamke aliyefiwa miezi miwili au mitatu iliyopita, ambaye watu wameacha kwenda kwake. Wiki hii, chukua wenzako wawili, mwende mkakae naye.